Betri Inacheza Kwenye Trei: Mwongozo Kamili wa Kuifunga Isitikisike

Mwalimu mmoja wa Muheza alileta Toyota IST yake gereji kwetu hapa Ngamiani, Tanga, analalamikia mlio. "Fundi, kila nikipita tuta inagonga ko! huku mbele. Nimeshabadilisha bushi, nimebadilisha na stabilaiza linki, bado tu." Nikamwambia, "Pole mwalimu. Kabla hatujaipandisha jeki, hebu nifungulie boneti." Akanitazama kama mtu aliyekwenda kung'oa jino akaambiwa avue viatu.

Kati ya betri na ukingo wa trei kulikuwa na pengo la kupitisha vidole vitatu, na ndani yake kimesokomezwa kipande cha kandambili ya bluu. Bolti moja ya kishikizo, kile chuma kinachoibana betri kwa juu, haikuwapo kabisa. Ya pili ilikuwapo, ila nati yake imeganda na kutu katikati ya meno, haipandi wala haishuki. Nilipoinua macho nikaona chini ya boneti, sawasawa na nguzo ya chanya (ile ya alama ya +), rangi imechubuka, na katikati ya mchubuko kuna nukta nyeusi kama iliyochomwa na sigara. Mlio haukunitisha. Nukta ile ndiyo iliyonitisha.

Boneti ni bati, na bati lote la gari limeungwa na upande wa hasi. Nguzo ya chanya ikiligusa, umeme haupiti kwenye fyuzi yoyote, unakwenda moja kwa moja, na betri ya gari ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa mpigo. Safari hii ilikuwa cheche moja. Ikikaa imegusa, waya unayeyuka, na penye waya unaoyeyuka karibu na mafuta na plastiki hapana haja ya kueleza kinachofuata.

Hasara ya pili ni ya kimyakimya, nayo ndiyo inayowapata wengi. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja hutoa kama volti 2.1, ndiyo maana ikijaa vizuri husoma 12.6 hivi. Ndani ya kila chumba kuna sahani za risasi zilizopakwa rojo gumu lililokauka juu yake. Rojo hilo ndilo linalotunza umeme, na halipendi kutikiswa. Kila betri inapogonga trei, chembe zinadondoka na kutuama chini. Zikijaa mpaka ziguse sahani, chumba kinapiga shoti na kufa. Hapo ukipima unakuta kama 10.5: vyumba vitano vinafanya kazi, cha sita kimekwenda. Wakati mwingine ni kiungo cha kati ya vyumba kinachopata ufa. Mita inasoma vizuri, taa zinawaka, lakini ukipiga stata kunasikika tik, kimya. Mtu anarudi dukani kugomba kwamba betri za siku hizi feki. Inawezekana ni feki. Ila kama imepanda na kushuka njia ya mlimani ya Amani miezi sita bila kishikizo, duka halina kosa.

Halafu sisi wa Tanga tuna jambo letu: chumvi ya bahari. Gari linalolala Raskazone ufukweni au linaloshinda bandarini hupata kutu kuliko linalolala Lushoto mlimani. Trei za bati huliwa taratibu chini ya betri pasipoonekana, na mvuke wa asidi nao unasaidia. Kwa hiyo nasisitiza jambo ambalo mafundi wengi wanalipita: betri hushikwa na kitako kwanza, kishikizo cha juu baadaye. Ukikaza juu wakati chini pameoza, umefunga mzigo kwenye karatasi.

Jua kwanza kama inacheza kweli

Zima gari, toa ufunguo. Shika betri yenyewe kwenye mwili wake kwa mikono miwili, usishike waya wala nguzo, uisukume mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Iliyofungwa vizuri, ukiisukuma gari zima linayumba nayo kidogo. Ikisogea peke yake huku gari limetulia, una kazi. Jaribu pia kuiinua upande mmoja. Kuna betri hazitelezi ubavuni kwa sababu trei imezibana, lakini zinaruka juu zikipata shimo, na hizo ndizo zinazofikia boneti.

Ukiwa hapo angalia pia waya. Betri inayotembea huvuta waya wake, na waya wa chanya ukisuguana na ukingo wa bati siku nyingi, ngozi yake inaisha.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa Toyota nyingi, spana namba 10 inatosha kuanzia kwenye vichwa vya waya mpaka nati za kishikizo. Kwenye magari ya Ulaya ongeza namba 13 na kiungio kirefu cha boksi spana. Tafuta brashi ya waya au mswaki mkuukuu, maji safi ndoo nzima, glavu za mpira, miwani, grisi kidogo, na magadi. Nasema magadi yale ya kulainishia maharage au makande. Usije ukatumia kostiki ya kutengenezea sabuni, hiyo itakula ngozi yako kabla haijaigusa kutu.

Vua pete, saa na bangili. Sigara weka mbali. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche ndogo mno. Kama gari limetoka safarini sasa hivi, liache na boneti wazi lipoe.

Kuifungua

Hasi kwanza. Sababu ni spana yenyewe. Ukianza na chanya wakati hasi bado imeungwa, spana ikikutoroka ikagusa bodi, umepiga shoti kwa mkono wako. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu, hasi na bodi ni ndugu. Baada ya hasi kutoka, ikunje waya pembeni uifunike na kitambaa kikavu isirudi yenyewe, ndipo uende chanya.

Kabla hujafungua lolote, jua kwamba saa itapotea, vioo vya umeme vinaweza kusahau kupanda kwa mguso mmoja, na redio za baadhi ya magari yaliyotoka Japani hujifunga zikadai namba ya siri. Kama redio yako unaipenda na namba huna, mwulize fundi umeme akuwekee umeme wa akiba wakati betri iko nje.

Kichwa kikigoma kutoka kwenye nguzo, usikipige nyundo wala usikinyonge kwa bisibisi. Nguzo ni risasi, laini, na ikilegea pale inapoingia kwenye boksi, asidi itavuja hapo mpaka siku ya mwisho wa betri. Legeza nati kabisa, mwagia maji ya moto kidogo, zungusha kichwa taratibu kwa mkono.

Kisha legeza kishikizo na uinue betri ikiwa wima. Ndogo aina ya NS40 ina kama kilo 10, mtu mmoja anaibeba. Zile kubwa za Prado na Hilux zinafika kilo 17 hadi 20, na kwa kuwa unainama juu ya gari, mgongo ndio unaolipa. Ita mwenzako.

Trei ndiyo kazi yenyewe

Hapa usiwe na haraka. Toa majani, mchanga, kandambili na chochote kilichosokomezwa. Koroga vijiko viwili vya magadi kwenye kikombe cha maji ya moto, upake kwenye ule unga mweupe au wa kijani. Utaona unatoka povu; povu likiisha, asidi imekwisha. Suuza kwa maji mengi. Betri nayo isafishe hivyohivyo kwa nje, lakini hakikisha vifuniko vya juu vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi inayotakiwa kuwamo.

Trei ikikauka, ikwangue kwa brashi ya waya, halafu ibonyeze kwa kidole gumba kila pembe. Bati zima halinesi. Linalonesa au kutoa magamba limekwisha, hata kama kwa juu rangi inang'aa. Tazama hasa tundu mbili ambamo bolti za kishikizo hujishika. Nimekuta tundu lililoliwa mpaka likawa mfereji; mwenyewe anakaza nati kila wiki na kila wiki inalegea, kumbe bolti inapanda juu na kutu.

Kutu ya juujuu ikwangue, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke. Trei iliyooza ibadilishe. Za kutoka kwenye magari yaliyokatwa zinapatikana, na nyingi hufungwa kwa bolti tatu au nne. Ikibidi kuchomelea, betri isiwe ndani ya gari, iwe mbali kabisa. Na ukitoboa tundu jipya, chungulia kwanza upande wa pili kuna nini. Mwenzangu mmoja aliwahi kutoboa trei akatoboa na bomba la breki.

Juu ya trei tandika kipande cha mpira bapa, milimita 3 hadi 5. Mpira wa kuzuia matope nyuma ya lori unafaa sana. Sponji la kochi usiweke, linakunywa asidi na kuitunza. Ubao nao hivyohivyo, unalowa, unasinyaa, na betri inaanza kucheza upya.

Je, hiyo ndiyo saizi yake?

Betri nyingi zinazocheza hazikulegea, ziliingizwa zikiwa si za pale. Soma maandishi ya juu ya betri za Kijapani, kwa mfano 46B24L. Herufi ya katikati inaeleza umbo: B ni nyembamba, upana wake ni kama milimita 129, D ni pana, 173. Namba inayofuata herufi ni urefu kwa sentimita. Kwa hiyo B24 ina urefu wa sentimita 24, na B19 ina 19. Herufi ya mwisho inaonyesha nguzo zimekaa upande gani, na hiyo usiibahatishe, waya haitafika au itavutwa kwa nguvu.

Mwalimu wetu trei yake ilikuwa ya B24. Aliuziwa B19 kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi, akabaki na pengo la sentimita 5. Lile ndilo pengo la vidole vitatu. Kandambili ilikuwa dawa ya muuzaji.

Ukiweza, rudisha saizi ya asili. Usipoweza, pengo lijazwe na kitu kigumu kisichonyonya maji: plastiki nzito iliyokatwa kwa kipimo, au mpira wa tairi uliopangwa tabaka mpaka uingie kwa kubanana. Kiwe kimefungwa au kimegandishwa kwenye trei, siyo kuchomekwa tu. Kandambili inasinyaa kwa joto la injini. Ndani ya mwezi mmoja inabaki kama biskuti.

Kosa jingine ni kimo. Betri ndefu kuliko ya asili inasogeza nguzo karibu na boneti. Bandika donge la udongo wa mfinyanzi au unga wa ngano uliokandwa juu ya kifuniko cha chanya, shusha boneti taratibu mpaka ifunge, kisha fungua utazame donge limebaki na unene gani. Chini ya sentimita moja, mimi siikubali hiyo betri.

Kishikizo na bolti zake

Kwenye magari mengi ya Kijapani kishikizo ni upapi wa chuma unaopita juu ya betri, ukivutwa chini na bolti mbili ndefu zilizopinda mkia kama ndoana. Ndoana inaingia kwenye tundu la trei au la bodi, meno yanatokeza juu, nati inakaza. Kazi ndogo, lakini ina namna zake.

Ndoana iingie nzima na mdomo wake ushike bati, usishike ukingo wa tundu. Bolti isimame wima. Ikiinama kwa nje, kila ukikaza inavuta kujinyoosha, na ikijinyoosha inalegea. Upapi ulale bapa kwenye mabega ya betri na upite mbali na nguzo zote mbili. Weka washa pana (kile kipete bapa cha chuma), halafu nati. Nati zenye kipete cha plastiki ndani ni bora, hazijifungui kwa mtikisiko. Paka meno grisi, na mwakani utanikumbuka.

Kishikizo kikiwa kimepotea, chonga. Chuma bapa cha milimita 25 kwa 3, urefu wa kuvuka betri na kuzidi kidogo kila upande, tundu mbili. Bolti mpelekee fundi wa kukata meno, chuma cha mviringo cha milimita 6, mkia aupinde kwa moto. Kisha pasua mpira wa bomba la maji kwa urefu, uuvalishe upapi wote. Usiruke hatua hii. Chuma kitupu juu ya betri ni spana iliyosahauliwa inayosubiri kuteleza.

Kaza nati mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, upapi ushuke sawasawa. Acha pale betri inapokataa kusogea. Hizi si nati za tairi! Ukizidisha, upapi unapinda katikati na boksi la plastiki linapata ufa usioonekana, utauona baadaye kwa harufu ya asidi.

Magari ya Ulaya, kama Volkswagen na BMW, mara nyingi hayana upapi. Betri yake ina ukingo mwembamba chini kabisa, na kabari ndogo yenye bolti moja hubana ukingo huo. Ukiweka betri ya Kijapani isiyo na ukingo, kabari haina cha kushika hata ukaze mpaka jioni. Na kama betri iko nyuma kwenye buti, angalia kibomba chembamba cha kutoa gesi nje. Lazima kirudi mahali pake.

Kurudisha waya

Sasa kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho, kwa sababu ileile ya spana. Kichwa kishuke mpaka chini ya nguzo, na ukikikaza usiweze kukizungusha kwa mkono. Paka grisi kwa juu, siyo ndani kati ya kichwa na nguzo. Valisha chanya kofia yake nyekundu. Kama haipo, kata kipande cha tyubu ukifanye kofia. Waya ziwe na ulegevu kidogo, zisikazike kama nyuzi za gitaa.

Rudia jaribio la kwanza, sukuma na inua. Washa gari. Ukiwa na mita, kwenye nguzo isome kati ya 13.8 na 14.5 injini ikinguruma. Halafu lipeleke kwenye njia mbaya unayoijua, shuka, shika tena.

Ikikulegea njiani

Uko njia ya Pangani, jua linazama, bolti imekatika. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe, au mkanda wa nailoni wa kufungia mizigo, vitakufikisha. Zungusha chini ya trei na juu ya betri mara mbili tatu, upite katikati, usipite juu ya nguzo wala karibu na feni na mikanda ya injini. Funika chanya kwa chochote kikavu kisichopitisha umeme. Nenda polepole.

Waya wa kufungia nondo, hapana kabisa, hata ukiwa umeshikwa vipi. Na kamba ya katani, najua tuko Tanga na kamba haikosekani kwenye gari la mtu, lakini mvuke wa asidi unaila katani. Nimezikuta zimekatika nyuzi moja moja chini ya betri, mwenye gari akiapa kwamba amefunga juzi tu. Ni ya kukufikisha nyumbani, siyo ya kuishi nayo. Tyubu nayo vivyo hivyo, joto linaifanya iwe ndefu.

Baada ya wiki moja fungua boneti ukaze tena, kwa sababu mpira wa chini hulala na kupungua unene kidogo. Kisha kila unapobadilisha oili.

Mwalimu alirudi wiki ilipotimia, kama tulivyokubaliana. Nati zilikubali robo mzunguko tu. Mlio haukuwapo. Zile linki za zamani alizovuliwa alikuwa bado anazo kwenye buti, zimefungwa gazeti, nikazishika, nikazitingisha. Zilikuwa nzima.